Kidirisha cha Kusomea Kimehamishwa Tena: Barua ya Wazi kwa Wasanifu wa Barua Pepe

Wakuu wa Usanifu wa Programu za Barua Pepe,
Microsoft, Redmond
Google, Mountain View
Apple, Cupertino

YAH: KUTENGANISHA MAREKEBISHO YA USALAMA NA MABADILIKO YA MWONEKANO





Tarehe 11 Februari 2025 Microsoft ilitoa sasisho lake la usalama la kila mwezi kwa kompyuta zinazotumia Windows 10. Ndani ya kifurushi hichohicho cha kuziba matundu ya kiusalama mlikuwa na kitu kingine: Outlook mpya, programu ya barua pepe ambayo wengi wa walioipokea hawakuwa wameiomba. Kampuni haikufanya siri. Ilitangaza mapema, na programu hiyo ilikaa kando ya Outlook ya zamani bila kuifuta. Hata hivyo, njia iliyotumika kuifikisha ndiyo iliyozaa barua hii. Aliyeagiza kufuli aliletewa kufuli pamoja na kochi, na kochi lenyewe akalikuta limekwisha kupangwa sebuleni.

Wiki sita kabla ya hapo, tarehe 31 Desemba 2024, Microsoft ilikuwa imeizima programu ya Mail iliyokuja bure na Windows 10. Baada ya siku hiyo haikuweza tena kutuma wala kupokea ujumbe. Aliyekuwa akiitumia alielekezwa Outlook mpya, na huko akakuta orodha ya ujumbe imepangwa vingine, vitufe vimehama, na kwa asiyelipia huduma, matangazo ya biashara yamepenyezwa katikati ya barua zake.

Watu wa nje ya ofisi huona malalamiko ya namna hii kuwa ni ya wazee wasiopenda mabadiliko. Ukweli ni kwamba mpangilio wa barua pepe ni sehemu ya kazi yenyewe, na kila chaguo lina sababu yake.

Mfano ni kidirisha cha kusomea, ile sehemu inayoonyesha ujumbe bila kuufungua. Enzi za Outlook Express kidirisha hicho kwa kawaida kilikaa chini ya orodha. Outlook ya 2003 ilikiweka kulia. Skrini zilipozidi kupanuka na kupungua kimo, wasanifu wengi wakaona kulia ndiko kunakofaa, na kwa barua ndefu wako sahihi. Lakini katibu muhtasi wa halmashauri haanzi siku yake kwa kusoma barua ndefu. Huanza kwa kuchambua. Anataka mistari mipana inayoonyesha mtumaji, somo, tarehe na ukubwa kwa mkupuo mmoja, ili aone barua ya mkoani imeingia lini, nani hajajibu dokezo, na ni kiambatisho kipi kizito ambacho hakifai kufunguliwa kwa bando la simu. Kidirisha kikiwa chini, mistari hiyo hupata upana wote wa skrini. Kikihamishiwa kulia kwenye kompyuta mpakato yenye skrini ya nukta 1366 kwa 768, orodha hubanwa, somo hukatwa katikati, na barua tano zinazoanza na maneno "Mwaliko wa kikao cha…" huonekana kama barua moja iliyorudiwa mara tano.

Apple ililielewa hilo mapema. Julai 2011, ilipotoa OS X Lion na kuigeuza programu yake ya Mail kuwa ya safu pana, iliacha kisanduku kimoja kwenye mipangilio: mwenye kutaka mpangilio wa zamani aliweka tiki na kuendelea na kazi. Katika matoleo yaliyofuata kisanduku hicho kiliondolewa pale, na chaguo likahamishiwa kwenye menyu nyingine kwa jina jingine. Kwa mhandisi, kipengele bado kipo. Kwa mtu anayekitafuta mahali alipokizoea asikione, kimeondolewa, na mara nyingi hana wa kumwambia vinginevyo.

Yapo pia mambo ambayo macho hayayaoni. Mtu aliyetumia programu moja kwa miaka kumi hasomi tena majina ya vitufe. Mkono unajua uende wapi. Kwa mtumiaji asiyeona, hali ni nzito zaidi. Hutegemea kisoma skrini, kama NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006 na Waaustralia wawili wasioona, Michael Curran na James Teh. Kisoma skrini hutamka vilivyomo kwenye ukurasa kwa mfuatano, na mtumiaji hukariri mfuatano huo: bonyeza mara kadhaa ufike kwenye orodha, mara nyingine ufike kwenye kitufe cha kujibu. Upau ukiongezwa upande wa kushoto, mfuatano wote unavurugika. Mwenye kuona hutumia siku moja kuzoea sura mpya. Asiyeona huanza kukariri upya.

Hapa Google inahusika moja kwa moja. Kwa miaka mingi Gmail ilikuwa na sura mbili. Ya kwanza ni ile kamili, yenye mazungumzo, vichupo na mapambo. Ya pili ilikuwa ukurasa mwepesi wa HTML ya kawaida, ambao kiungo chake kilijitokeza wakati sura kamili inajikongoja kufunguka, pamoja na maelezo kwamba ni kwa ajili ya mtandao wenye kasi ndogo. Ukurasa huo ulikuwa mkavu: orodha ya barua, visanduku vya kuweka tiki, vitufe vichache, basi. Ulifunguka kwenye kivinjari kizee, kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, na kwenye saiba ambako mashine nyingi zinagawana laini moja. Watumiaji wengi wa visoma skrini waliupenda kwa sababu hiyohiyo ya ukavu wake.

Septemba 2023 Google ilitangaza kwamba sura hiyo ingeondolewa mwanzoni mwa 2024, na watumiaji wake wangehamishiwa kwenye sura ya kawaida. Sababu iliyotolewa ni kwamba hilo ni toleo la zamani, lililopitwa na mrithi wake zaidi ya miaka kumi iliyopita, tena halina vipengele vyote vya Gmail ya leo.

Maelezo hayo ni ya kweli, na ndiyo yanayoonyesha pengo lilipo. Kukosa vipengele hivyo ndiko kulikoufanya ukurasa huo upendwe. Anayetuma maombi ya kazi kwa kutumia kompyuta ya kulipia kwa dakika pale Eldoret au Morogoro hahitaji mkutano wa video pembeni mwa kikasha chake. Anahitaji wasifu wake uambatishwe kabla muda aliolipia haujaisha. Mwaka 2022 Gmail ilikuwa tayari imeleta upau mpya wa kushoto uliojumuisha Chat, Spaces na Meet, na kufikia Novemba mwaka huo njia ya kurejea sura ya awali ikafungwa. Ni kweli kwamba Chat na Meet zinaweza kuzimwa kwenye mipangilio. Swali ni nani amemwambia mtumiaji, kwa lugha gani, na kabla ya siku gani.

Utetezi wa wasanifu unastahili kusikilizwa kwa haki. Kutunza sura mbili za programu moja ni gharama: kila hitilafu inarekebishwa mara mbili, kila kipengele kipya kinajaribiwa mara mbili, na msimbo wa zamani huficha udhaifu ambao wadukuzi huutafuta. Wakati mwingine usalama wenyewe hulazimisha jambo la zamani lizimwe. Tarehe 30 Mei 2022 Google iliacha kuruhusu programu za nje kuingia kwenye akaunti binafsi kwa jina na nenosiri tupu. Microsoft ilifanya vivyo hivyo kwa akaunti za Outlook.com tarehe 16 Septemba 2024. Hatua zote mbili ziliua programu kongwe za barua pepe, na watu wakasumbuka. Lakini sababu ilikuwa wazi, na faida ilikuwa ya mtumiaji: nenosiri lililovuja halikutosha tena kumpa mwizi ufunguo wa kikasha kupitia mlango huo.

Kuhamisha kidirisha kutoka chini kwenda kulia si jambo la aina hiyo. Hakuna mdukuzi anayezuiwa kwa kupanua nafasi kati ya mstari na mstari, wala kwa kuweka matangazo ndani ya orodha. Mambo hayo mawili yanapofungwa kwenye kifurushi kimoja, mtumiaji hujifunza somo baya: sasisho ni kitu kinachokuja kuvuruga kazi yake.

Somo hilo lina gharama inayojulikana. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu kubwa katika Windows. Karibu miezi miwili baadaye, Ijumaa ya tarehe 12 Mei, virusi vya WannaCry vilipitia tundu hilohilo. Kwa makadirio ya Europol, vilikuwa na waathirika zaidi ya 200,000 katika nchi zisizopungua 150. Hospitali za umma za Uingereza ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Nyingi ya kompyuta zilizonaswa zilikuwa za Windows 7, ambazo kiraka chake kilikuwapo tayari. Ila hakikuwa kimewekwa.

Watu huacha kuweka viraka kwa sababu nyingi, na Afrika Mashariki sababu ya kwanza ni bando. Sasisho la kila mwezi humeza data ambayo mtu ameinunua kwa fedha zake, hivyo mafundi wengi huizima huduma ya masasisho siku hiyohiyo wanapoisakinisha Windows, au huitambulisha Wi-Fi ya ofisi kama mtandao unaolipiwa kwa kipimo ili mashine isipakue yenyewe. Mtu anayelipia kila megabaiti anahitaji sababu nzuri ya kuruhusu sasisho. Akishaona kwamba sasisho la mwezi uliopita lilimletea programu asiyoitaka, sababu hiyo inapungua. Afisa TEHAMA anayehubiri usalama kwenye semina za watumishi hujikuta akijibu swali moja: "Tukisasisha, barua zetu zitabaki zilivyo?" Kwa jinsi mambo yalivyo sasa, hawezi kuapa.

Windows 10 nayo ilifika mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Wanaohamia Windows 11 wanakutana na mabadiliko yote kwa mkupuo: menyu ya kuanzia, mipangilio, na barua pepe. Wasiohama wanabaki kwenye mashine ambazo viraka vyake vya bure viko ukingoni au vimekwisha. Kundi hili la pili ndilo ambalo wasanifu wangepaswa kukosa usingizi kwa ajili yake, maana ndilo lenye hasara kubwa zaidi likikataa sasisho kwa hofu ya kupoteza mpangilio.

Lipo pia suala la kile kinachojificha nyuma ya sura. Anayeongeza akaunti ya Gmail au Yahoo kwenye Outlook mpya hapati dirisha jipya tu la kusomea barua zilezile. Ujumbe wake husawazishwa na wingu la Microsoft ili vipengele vya programu vifanye kazi. Novemba 2023, taarifa za jambo hilo zilipoenea Ujerumani, kamishna wa serikali kuu wa ulinzi wa data wakati huo, Ulrich Kelber, alitoa hadharani wasiwasi wake. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote zinajengwa juu ya wazo kwamba mtu aelezwe taarifa zake zinakwenda wapi na kwa nini. Mabadiliko ya njia inayopitia barua yakitangazwa kwa vazi la "mwonekano mpya", mtumiaji hubonyeza kukubali akidhani anakubali rangi.

Historia inaonyesha kwamba kampuni hizi husikia zikitaka. Windows 8 ilipotoka Oktoba 2012 bila kitufe cha kuanzia, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba toleo la 8.1 la mwaka uliofuata lilikirudisha kitufe, na Windows 10 ya mwaka 2015 ikairudisha menyu nzima ya kuanzia. Yahoo, ambayo anwani zake bado zimechapishwa kwenye vibao vya shule na zahanati nyingi Afrika Mashariki, iliondoa vichupo kwenye barua pepe yake Oktoba 2013. Watumiaji wakapiga kelele, na baadaye vichupo vikarudishwa.

Thunderbird ni mfano bora zaidi, na haihusu kurudi nyuma. Julai 2023 programu hiyo huria ilitoa toleo la 115, lililopewa jina la Supernova, baada ya kuufumua mwonekano wake wa miaka mingi. Upau wa juu uliundwa upya, na ujumbe ukaweza kuonyeshwa kama kadi. Pamoja na hayo, menyu ya mpangilio ilibaki na chaguo zake tatu: kidirisha chini, kidirisha chini kwa upana wote, na kidirisha kulia. Orodha ya safuwima ilibaki kwa asiyetaka kadi, na msongamano wa mistari uliachwa mikononi mwa msomaji, awe anataka ibanane au ipumue. Thunderbird inaendeshwa kwa michango ya watumiaji wake, na timu yake ni ndogo mno ikilinganishwa na za Redmond, Mountain View au Cupertino. Hoja ya gharama inapungua uzito mbele ya mfano huo.

Kwa hiyo, Microsoft, Google na Apple zinaombwa mambo manne.

Kwanza, sasisho la usalama libebe usalama. Programu mpya, mpangilio mpya na matangazo vije kwa njia yake, siku yake, na kwa kitufe cha kukataa kinachoonekana. Anayekataa sura mpya aendelee kupata viraka kama mwenzake aliyeikubali, walau kwa kipindi chote ambacho toleo lake limeahidiwa msaada.

Pili, chaguo za mtumiaji zihamishwe pamoja naye. Programu mpya inapofunguliwa mara ya kwanza, ianze na kidirisha mahali kilipokuwa, msongamano uleule wa mistari, na upangaji uleule wa orodha, iwe ni kwa mtumaji au kwa tarehe. Mapendekezo ya wasanifu yaje baada ya hapo, kama mapendekezo. Na chaguo likihamishwa kutoka menyu moja kwenda nyingine, pale pa zamani pawekwe kielekezi kwa mwaka mzima.

Tatu, Gmail irudishiwe sura nyepesi. Si lazima iwe ileile iliyozimwa mwaka 2024, yenye msimbo uliochakaa. Iwe mpya, salama, na ipimwe katika mazingira halisi: kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, laini ya simu inayosuasua, na kisoma skrini. Google yenyewe iliwahi kutengeneza programu nyepesi kwa ajili ya simu za bei nafuu, kwa hiyo ujuzi inao. Kompyuta kongwe ya shule ya sekondari inastahili heshima hiyohiyo.

Nne, tangazo litolewe ndani ya kikasha, miezi kadhaa kabla, kwa lugha ambayo mtumiaji ameichagua. Gmail inapatikana kwa Kiswahili. Maneno kikasha, rasimu na barua taka yako kwenye skrini za watu kila siku. Windows 10 nayo ilikuwa na Kiswahili. Haieleweki kwa nini mtu afanye kazi zake zote kwa Kiswahili, halafu siku ya kuondolewa kwa mpangilio wake taarifa imsubiri kwenye ukurasa wa msaada wa Kiingereza ambao hana sababu ya kuutembelea.

Taasisi zinazonunua huduma hizi nazo zina sehemu yao. Barua pepe inasafiri kwa itifaki za wazi, na mojawapo, IMAP, ilibuniwa na Mark Crispin pale Stanford mwaka 1986. Kutokana nayo, ofisi yenye kikoa chake, kiwe cha .go.tz, .ac.ke au chochote kingine, inaweza kubadili programu ya kusomea bila kubadili anwani hata moja wala kupoteza barua. Hilo linaipa ofisi nguvu ya kujadiliana na muuzaji, na nguvu hiyo hutumika kabla ya kusaini mkataba. Kifungu kimoja kinatosha kuanzia: mtoa huduma asibadili mpangilio wa vikasha vya watumishi bila notisi ya siku tisini na bila kuacha njia ya kurejea, na milango ya IMAP ibaki wazi kwa muda wote wa mkataba.

Majibu ya barua hii yanaombwa kwa maandishi, kwa Kiswahili au Kiingereza, yakieleza ni lipi kati ya mambo hayo manne linakubalika, lini litatekelezwa, na kwa lisilokubalika, sababu yake ya kiufundi ni ipi.

Nakala:
Mamlaka ya Serikali Mtandao, Dodoma
Mamlaka ya TEHAMA, Nairobi
Maafisa TEHAMA wa halmashauri, kaunti na vyuo: kwa ajili ya kuzingatia kifungu cha notisi katika mikataba ijayo